Sabufa kubwa, mlio mdogo: besi ya gari hupotelea wapi

Gari lina sabufa ya inchi 15, amplifaya imeandikwa wati 3000 ubavuni, lakini ukikaa kiti cha mbele unachosikia zaidi ni kibao cha namba kikigongana na mlango wa buti. Magari ya namna hii yamejaa Kampala. Mwenye gari akilalamika, ushauri anaopewa karibu kila mara ni mmoja: ongeza. Ongeza sabufa ya pili, ongeza amplifaya, funga kapasita. Mimi ningemwambia pesa hiyo aiweke kwanza. Mara nyingi besi anayoitafuta ameshailipia. Inapotea njiani: kwenye boksi, kwenye waya, na kwenye vile vitufe vidogo vya amplifaya ambavyo kila anayepita na bisibisi anavizungusha anavyotaka.

Tuanze na hesabu ya kuongeza, maana ndiyo inayowamaliza watu. Ukiongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 300 hadi 600, sauti inapanda desibeli 3 tu. Utaisikia tofauti, ila si ya kumgeuza mtu shingo. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, zinatakiwa kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 300 ufike 3000 za kweli, na gari dogo halina umeme huo. Upande wa pili, sabufa inayopingana na spika za mlango, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, inaweza kukunyang'anya desibeli 6 au zaidi katika noti fulani, na kuirekebisha ni kubadilisha waya mbili.

Na zile wati 3000 za ubavuni? Usizisome. Soma fyuzi. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30, ikipata volti 14, inavuta wati 420 basi. Sehemu yake inageuka joto: zile za kizamani za daraja la AB hutoa takriban asilimia 60 ya zinachokula, za daraja la D hufika 80 au zaidi kidogo. Kwa hiyo mezani unabaki na wati 250 hadi 330 za kudumu, hata kibandiko kikiandikwa milioni. Namba ya kutafuta kwenye karatasi ni ile iliyoandikwa RMS, yaani wati za kudumu. Isipokuwepo, fyuzi haidanganyi.

Boksi ni nusu ya spika

Ichomoe sabufa kwenye boksi lake, iweke mezani, ipigie muziki. Koni itaruka sana, besi hutaisikia. Koni inaposukuma hewa upande wa mbele, nyuma yake inaivuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana pembeni yanafutana. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha. Ndiyo maana boksi lenye kona iliyoachia au tundu la waya lisilozibwa ni hasara tupu. Kama ni boksi lililofungwa pande zote, bonyeza koni polepole kwa viganja viwili, kisha achia. Ikirudi kwa kujivuta, boksi ni zima. Ikirudi mara moja kama vile haikushikwa na kitu, kuna mahali hewa inatorokea.

Kazi ya pili ni ya hewa iliyofungiwa ndani, ambayo inafanya kazi ya springi. Boksi likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu: kila wimbo unatoa bum lile lile, na noti za chini kabisa hazipo. Likiwa kubwa mno, koni inakosa wa kuizuia, inaruka kupita kiasi na koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagonga chini. Ukubwa unaofaa hauchaguliwi kwa nafasi iliyobaki kwenye buti. Unatoka kwa sabufa yenyewe. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alichapisha hesabu za mambo haya mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Zile herufi Fs, Qts na Vas kwenye karatasi ya sabufa ni urithi wao. Ukiziingiza kwenye programu ya bure kama WinISD, unaona kwenye grafu besi itaanza kushuka wapi hata kabla hujakata ubao. Sabufa inayouzwa bila karatasi hiyo mimi naikwepa, hata iwe na bei nzuri namna gani, kwa sababu boksi lake litakuwa la kubahatisha.

Sasa tuingie kwa seremala. Sabufa nyingi za inchi 12 zinaridhika na lita 25 hadi 35 katika boksi lililofungwa. Tuseme umepanga boksi la sentimita 45 kwa 35 kwa 20. Zidisha: lita 31 na nusu. Toa lita 2 au 3 zinazokaliwa na mwili wa spika, unabaki na 29 hivi, mahali pazuri. Unampelekea vipimo fundi wa mtaa wa Ndeeba, ambaye siku zote anatengeneza makabati na vitanda, na makabati hupimwa kwa nje. Anakata ubao wa milimita 18, vipimo vyako vinakuwa vya nje, na boksi linatoka zuri, limenyooka kabisa. Lakini ndani limebaki sentimita 41.4 kwa 31.4 kwa 16.4, yaani lita 21 tu. Theluthi nzima ya hewa imekwenda na unene wa mbao, na huenda spika yenyewe ikakosa kina cha kukaa. Ukiandika vipimo, andika neno NDANI kwa herufi kubwa. Kwa mfano wetu, nje inatakiwa iwe 48.6 kwa 38.6 kwa 23.6.

Ubao uwe MDF ya milimita 18, au plaiwudi nene iliyobana vizuri. Chipubodi nyepesi inaloa, inavimba, na skrubu zinalegea. Gundi ipakwe kila ungio, skrubu zisiachane sana, kisha silikoni ipigwe kwenye kona zote kwa ndani. Silikoni iachwe siku nzima ikauke kabla ya kufunga spika, kwani mvuke wake ukiwa mbichi unaweza kuharibu gundi na ukingo wa koni.

Boksi lenye bomba, yaani lenye tundu la kutolea hewa, lina mambo yake. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda: hewa ya shingoni inadunda juu ya hewa ya tumboni, na chupa inatoa noti moja. Hermann von Helmholtz alilichambua jambo hilo katika karne ya 19, na boksi lenye bomba ni chupa hiyo hiyo. Nguvu ya nyuma ya koni, ambayo boksi lililofungwa linaitupa, hapa inageuzwa na kutolewa mbele karibu na noti ya bomba. Unapata sauti kubwa zaidi kwa wati zile zile. Ila noti hiyo lazima ipimwe. Boksi la lita 50 lenye bomba moja la kipenyo cha sentimita 10, yale ya PVC ya inchi 4 yanayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, likitakiwa liimbe hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde), bomba liwe na urefu wa takriban sentimita 31. Halafu mtu anaona boksi lingependeza na matundu mawili, anaongeza bomba la pili la urefu ule ule. Noti inaruka kutoka hezi 35 hadi karibu 50. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa hezi 41, kwa hiyo lile gitaa la Lingala linaloteremka chini sasa linaanguka mahali ambapo boksi limeshaishiwa nguvu. Mabomba mawili yangetaka urefu wa sentimita 70 kila moja. Hayaingii.

Bomba pia lina adhabu yake. Chini ya noti yake, koni haina tena hewa ya kuishikilia, inapepea hovyo. Ndiyo kazi ya kichujio kilichoandikwa *subsonic* kwenye amplifaya: kiweke chini kidogo ya noti ya boksi, hezi 28 au 30 kwa mfano huu. Amplifaya isiyo na kichujio hicho isipewe boksi la bomba lenye sauti ya juu.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayesikiliza kadongo kamu (muziki wa gitaa wa Kiganda), Lingala, nyimbo za injili na taarifa ya habari katika gari moja, boksi lililofungwa linatosha, na sababu iko kwenye gari lenyewe. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu. Chumba cha Toyota Wish hakifiki nusu yake. Noti za chini zinapokosa nafasi ya kujinyoosha, koni inabaki kukandamiza hewa yote ya gari kwa pamoja, na kuanzia hezi 60 hivi kwenda chini gari linaziongezea nguvu, hadi karibu desibeli 12 kwa kila oktava, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Boksi lililofungwa nalo linashuka desibeli 12 kwa kila oktava. Moja linashuka, lingine linainua. Kwa vitendo hesabu haikai sawa hivyo, kwa kuwa bati linatikisika na hewa inavuja kwenye milango, lakini ndiyo sababu boksi ambalo sebuleni lingeonekana la kinyonge linatosha kabisa garini. Seremala naye akikosea lita 2, boksi lililofungwa litamsamehe. La bomba halisamehi.

Wenye Premio na saluni nyingine wana tatizo la ziada: buti lao limetengwa na chumba kwa bati na viti. Laza kiti kimoja cha nyuma usikie. Kama besi inajaa ghafla, basi ilikuwa inabaki nyuma kuwatumbuiza bodaboda. Sogeza boksi, ligeuze litazame nyuma au litazame viti, na acha masikio yachague.

Umeme wa kwenye foleni

Besi inakula umeme kwa mikupuo. Gari likiwa limezimwa, betri nzima ina volti 12.6, injini ikiwaka, alteneta inapandisha hadi 13.8 au 14.4. Magari madogo mengi huja na alteneta ya ampea 70 hadi 100, lakini hizo ni ampea za injini inayozunguka kasi. Ukiwa umekwama Jinja Road jioni, injini iko chini, kiyoyozi kinafanya kazi, taa zinawaka, feni inazunguka, na alteneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake. Volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, amplifaya ya kawaida inapoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Taa za dashibodi zinazokonyeza kila ngoma inapopiga ndizo ushahidi.

Kabla ya kulaumu alteneta, pima waya. Kutoka betri hadi buti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba ukibeba ampea 60 unapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Wa milimita 20 unapoteza robo tu. Halafu kuna waya wa alumini iliyopakwa shaba, unaouzwa kwa bei rahisi katika mitaa ya vipuri: unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo ule wa milimita 8 unakaribia kupoteza volti nzima. Mwuzaji atakuambia, "Bosi, huu ni wa sabufa, tazama ulivyo mnene." Mnene ni mpira. Mwombe akukatie ncha, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini.

Waya wa ethi ndio unaodharauliwa zaidi. Unafungwa kwenye boliti yoyote iliyo karibu, juu ya rangi, juu ya kutu. Umeme unaokwenda ndio huo huo unaorudi, kwa hiyo ethi iwe na unene ule ule wa waya chanya, isizidi nusu mita, na ifungwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa mpaka ling'ae. Kule mbele nako, waya wa kutoka betri hadi bodi na ule wa injini hadi bodi ni vyembamba tangu kiwandani. Kuviongezea vingine vinene ni kazi ya nusu saa na inasaidia kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa pesa nyingi. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isipite sentimita 45. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya. Inalinda gari lisiungue siku waya utakapochubuka chini ya zulia.

Kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, je? Ile ya faradi moja, volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, inatoa jouli 32. Amplifaya inayovuta wati 500 inazimaliza kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, kisha kapasita yenyewe inageuka mlaji mwingine anayesubiri alteneta. Ina taa nzuri za buluu, hilo sikatai.

Vitufe vya pembeni

Kitufe cha gaini si cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, ili redio ikifika karibu na mwisho wake, amplifaya nayo iwe imefika mwisho wake bila kupita. Kikizungushwa hadi juu, amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, besi inakuwa ngumu na kavu, na koili inapata joto mpaka harufu ya kuungua inasikika. Sabufa nyingi zinakufa hivyo, na nyingi kati yake zinaendeshwa na amplifaya ndogo iliyosukumwa kuliko kubwa iliyotulia.

Njia ya kuweka gaini inahitaji mita ya umeme tu. Toa waya za sabufa, zima nyongeza zote za besi kwenye redio na kwenye amplifaya, weka redio robo tatu ya sauti, na piga mlio wa majaribio wa hezi 50 kutoka kwenye flashi. Mita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya sabufa ya amplifaya. Zungusha gaini taratibu mpaka ifike namba yako. Ili kuipata, zidisha wati za kweli kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: wati 300 kwenye omu 4 ni volti 34.6, wati 300 kwenye omu 2 ni volti 24.5. Ikifika, teremsha redio, rudisha waya, na kitufe usikiguse tena.

Kile cha pembeni yake kilichoandikwa *bass boost* kina hatari ya kimyakimya. Desibeli 6 ni nguvu mara nne. 12 ni mara kumi na sita. Noti iliyokuwa inataka wati 40 sasa inadai 640 kutoka kwa mashine ya wati 300. Kiache kwenye sifuri. Nyimbo nyingi za mseto zinazouzwa kwenye flashi zimeshaongezwa besi kabla hazijakufikia.

Kichujio cha chini cha sabufa, kinachopitisha noti za chini tu, kiweke hezi 80. Kisha, na hapa wengi huishia njiani, weka kichujio cha juu, kinachozuia noti za chini, kwenye spika za milango, nacho kwenye hezi 80 hivi. Milango ikiacha kuhangaika na besi isiyoiweza, sauti ya mwimbaji inasafika papo hapo na unaweza kupandisha redio bila mkoromo.

Bado kuna lile la kupingana. Spika ya mlango iko chini ya mita moja kutoka sikio lako, sabufa iko buti, mbali zaidi kwa mita 2 hivi. Wimbi la hezi 80 lina mita 4.3, na nusu yake ni karibu hizo mita 2. Yaani pale sabufa na milango zinapokabidhiana kazi, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na kwenye kiti cha dereva besi inafutika ingawa nje ya gari inasikika. Geuza kitufe cha feizi, au badilisha waya chanya na hasi za sabufa, na usikilize wimbo ule ule ukiwa kwenye kiti chako, si ukiwa umeinama nyuma ya buti. Upande unaojaa ndio sahihi.

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi imeshatolewa, kwa kuwa FM ya kule huanzia megahezi 76 na za zamani huishia 90, wakati vituo vya Uganda viko kati ya 88 na 108. Ukiwa bado nayo, mara nyingi haina matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja. Baadhi ya redio hizo hupunguza besi zenyewe sauti inapopanda ili kulinda spika ndogo za kiwandani, na hakuna sabufa itakayorudisha kilichokatwa kabla hakijaifikia.

Mitikisiko ya bati ipewe jioni moja. Piga mlio unaopanda kutoka hezi 30 hadi 80, mwenzako azunguke gari akibonyeza huku na huku. Vipande vya butili (mpira mzito wa kubandika) ndani ya mlango wa buti na sponji nyuma ya kibao cha namba vinatosha kwa wengi.

Baada ya hayo yote, anayetaka zaidi ana haki ya kuongeza. Sabufa ya pili inayofanana na ya kwanza, ikiwa na lita zake na wati zake, inaleta desibeli 6: tatu za nguvu mara mbili, tatu za koni mara mbili. Kabla hujalipa, uliza koili zake ni omu ngapi. Sabufa mbili zenye koili mbilimbili za omu 4, zikiunganishwa zote sambamba, zinaipa amplifaya omu 1, na ile inayovumilia omu 2 tu itazima au itaungua. Unganisha koili za kila sabufa kwa mfululizo upate omu 8, kisha sabufa zote mbili sambamba, unarudi kwenye omu 4.